Don Williams Alivyofika Mlowo

Nani alimleta Don Williams Mlowo? Mimi nasema ni malori. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia mizigo yake, na njia hiyo ilikatiza hapa kwetu kuelekea Tunduma. Shaba ikashuka Dar, mafuta yakapanda Zambia, na baadaye, ndani ya vichwa vya malori, zikaja kaseti.

Baba mdogo alikuwa utingo. Kaseti yake ilikatika, akaiunga kwa rangi ya kucha ya mama mdogo. Iliendelea kuimba, ila kila ilipofika kwenye kiungo, Mmarekani wa watu alimeza neno.

Wimbo wenyewe ni I Recall a Gypsy Woman, utunzi wa Bob McDill na Allen Reynolds. Don aliurekodi 1973. Kwao Marekani haukumpandisha chati. Uingereza ndiko ulikofika nafasi ya 13 mwaka 1976. Sisi chati tulizijulia wapi? Gitaa halina haraka, sauti nzito lakini haipayuki, kama mtu anayeongea na mwenzake jikoni watoto wakishalala. Asiyejua Kiingereza anapata nafasi ya kutia maneno yake mwenyewe. Bolingo ilitutoa vitini, sikatai. Huu ulitukalisha. Na si sisi tu: mwaka 1997 Don alipiga Harare, na onyesho likarekodiwa.

Nilipofika kidato cha pili, baba mdogo akaniita sebuleni.

"We msomi, hebu tutafsirie. Huyu anasemaje?"

Mama mdogo alikuwa pale pale, anachambua maharage. Nikasikiliza. Mume kalala na mkewe, lakini mawazo yako kwa mwanamke wa Kijipsi aliyemjua akiwa na miaka kumi na saba, na mke hana habari.

Baba mdogo alikuwa amelala Kapiri Mposhi siku nyingi mno.

"Anakumbuka kwao, baba," nikasema.

Mama mdogo hakuinua macho. "Na hiyo 'womani' anayoirudia rudia ndiyo kwao?"

Baba mdogo akaenda kuongeza sauti.

Don alifariki Septemba 2017, baba mdogo alishamtangulia. Mwaka jana nilimpigia mama mdogo wimbo ule kwenye simu yangu, mzima, safi, hauna kiungo. Aliusikiliza mpaka mwisho.

"Siyo wenyewe huu," akasema.