Boi Asiyekua

Waingereza wana maneno mengi ya kumtaja mtu ambaye hajawa mzima: "baby", "child", "boy", "girl", "minor", "juvenile", "young person", "teenager". Sisi wa Tanga, Pangani na Muheza hatukuyapokea yote kwa mlango mmoja. Mengine yaliletwa na sheria, mengine na shule, na moja liliingilia jikoni. Hilo la jikoni ndilo tulilolifanya letu tangu zamani, hata likapata nafasi katika kamusi: boi.

Kwa Waingereza wenyewe neno hilo ni mtoto wa kiume. Boi wa pwani yetu, lakini, hakuwa mtoto. Alikuwa mume wa mtu na baba wa watu, pengine mwenye mvi. Palikuwa na boi wa nyumbani, boi wa jikoni, boi wa ofisi na shamba boi. Wajerumani waliotawala hapa kabla ya Waingereza nao walilitumia neno hilo hilo kwa watumishi wao, ingawa halikuwa la lugha yao. Mtu aliweza kuanza kazi akiwa na miaka 15 na kuimaliza na miaka 60, bwana mmoja akiondoka na mwingine akija, naye siku zote ni boi. Wala haikuwa kwetu tu. Mtu mweusi aliitwa hivyo Afrika Kusini na katika majimbo ya kusini ya Marekani. Wazoa taka wa mji wa Memphis walipogoma mwaka 1968 walibeba mabango yaliyotangaza jambo moja tu, kwamba aliyelibeba ni mwanamume.

Ili kuona uzito wa jambo hili, msomaji, tazama jinsi sisi tulivyozoea kupima umri. Aliyekua tunamwita mtu mzima, yaani mtu aliyetimia. Kabla ya kutimia ana vituo vyake. Yuko kitoto kichanga, yuko mtoto, yuko kigori ambaye bado hajavunja ungo. Akivunja ungo huwekwa ndani, akawa mwali, akafundwa na somo wake mambo ya nyumba na ya heshima. Mvulana alikwenda jandoni, na aliporudi hakuwa yule aliyeondoka. Sasa ni barobaro, anatazamiwa kuoa. Hapakuwa na haja ya kuhesabu miaka. Walioshuhudia kwamba mtu amevuka kituo ni wazee wake, masomo zake na mtaa mzima.

Basi mtu huyo aliyetoka jandoni, akaoa, akazaa, akazika wazazi wake, aliingia katika nyumba ya mgeni na kwa neno moja akarudishwa nyuma ya vituo vyote. Ushahidi wa mtaa wake haukuhesabiwa kitu. Hapo ndipo penye jeraha. Si kwamba neno la utoto ni baya lenyewe. Siti binti Saad wa Unguja, ambaye Shaaban Robert wetu wa Tanga aliandika wasifu wake, alifariki mwaka 1950 akiwa bibi mzima, na mpaka kaburini aliitwa binti. Halikumpunguza, kwa sababu lilimtaja kuwa ni mtoto wa Saad. Boi hakutajwa kuwa mtoto wa yeyote. Alitajwa kuwa mtu wa kutumwa.

Mashambani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyopona ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutokana na hiyo mashamba yakaenea mkoa mzima. Vibarua walioletwa kutoka bara walipewa namba, nao wakaitwa manamba. Jikoni mtu mzima aliitwa mtoto. Kondeni akaitwa hesabu.

Hesabu hiyo iliwafikia watoto pia. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1937 kuhusu watoto na vijana ilisema kwamba "child" ni aliye chini ya miaka 12, na "young person" ni wa miaka 12 ambaye hajafika 16. Hata "teenager" ni neno la hesabu: namba za Kiingereza kuanzia 13 hadi 19 zina mwisho wa sauti moja. Kwetu kumi na mbili na kumi na tatu hazina mpaka kati yake. Isitoshe, watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na umri wao ulikadiriwa kwa macho.

Hata hivyo si haki kuicheka namba. Vituo vyetu navyo vilikuwa na upofu wake. Mtoto wa miaka 13 aliyevunja ungo na kufundwa aliweza kuhesabiwa kuwa ametimia, na posa ikapokelewa, wala yeye asiulizwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, lakini mvulana, bila idhini ya mahakama, asubiri 18. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2016 ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Hapo namba ilimlinda yule ambaye mtaa ulikuwa tayari kumtoa.

Ndiyo maana naona tusiishie kuwalaumu wakoloni kwa lile neno lao. Boi wa zamani alikuwa mtu mzima aliyeitwa mtoto. Siku hizi majumbani mwetu yuko hausigeli, na mara nyingi yeye ni mtoto kweli, ametoka kijijini kwao kabla hajamaliza kukua. Kwa adabu tunamwita dada. Watoto wa nyumba wanamwita dada, hata yule anayelingana naye kwa umri, na yeye ndiye anayeamka wa kwanza kuwasha moto ili wenzake waende shule. Neno lenyewe ni zuri, la udugu na heshima, lakini linamvika ukubwa asioweza kuubeba. Ukubwa ni jaa, wamesema wahenga, na jaa halimfai mtoto.

Kwa hiyo tukitaka kulijua neno lolote la umri, tusiishie kwenye kamusi. Tutazame linampa nini anayeitwa, linamwondolea nini, na ni nani anayepumzika kwa sababu yeye ameitwa hivyo.