Utamu na Jasho: Asali, Lavenda na Swali la Sukari



Tumezoea kuitafuta historia katika vita, mikataba na majina ya wafalme. Lakini historia hukaa pia jikoni. Anayeuliza chakula chake kilitoka wapi, na ni nani aliyekitolea jasho, amekwisha kuingia katika kazi ya mwanahistoria. Na akiuliza hivyo mbele ya Mungu, amekwisha kuanza kuihoji dhamiri yake. Leo tunawaalika kutafakari juu ya mapishi ya nyumbani ya Provence, nchi ya kusini mwa Ufaransa, ambako asali na lavenda vimekuwa jirani tangu zamani. Ni mbali nasi, lakini njia ya habari hii inapita katika nchi yetu ya Kongo.

Lavenda ni kichaka kifupi chenye maua ya rangi ya zambarau na harufu kali. Hupenda jua, mawe na udongo mkavu, na katika milima ya Provence ilijiotea yenyewe kabla ya watu kuilima mashambani. Wanakijiji waliikata kwa mundu, wakaweka maua yake makavu kati ya nguo ili kufukuza wadudu. Wakati wa maua, katikati ya mwaka, nyuki huijia kwa wingi. Asali yao ni nyeupe kiasi, na ikikaa hugandamana polepole na kuwa laini kama siagi.

Kwa hiyo, kwa vizazi vingi, lavenda iliingia katika sufuria kwa njia ya nyuki. Desturi ya kutia maua yenyewe katika maziwa au biskuti imeenea hasa katika nyakati zetu, na wapishi wanaijua kanuni yake: maua machache makavu, yachemshwe kidogo katika maziwa, kisha yachujwe. Yakizidi, chakula huwa na ladha ya sabuni. Tena huchagua lavenda halisi, kwa maana ile ya machotara, inayolimwa sana kwa ajili ya sabuni na manukato, ina ukali wa kafuri.

Mahali ambapo asali hiyo huheshimiwa kuliko pote ni meza ya mkesha wa Noeli. Familia za Provence huandaa vitindamlo kumi na vitatu, kwa kumkumbuka Bwana wetu pamoja na mitume wake kumi na wawili. Idadi hiyo ilizoeleka katika karne ya 20, lakini mila ya kuijaza meza vitu vitamu usiku huo ni ya zamani zaidi. Humo kuna matunda makavu manne yanayowakumbusha watu mashirika manne ya watawa walioishi kwa sadaka: tini kwa Wafransisko, lozi kwa Wakarmeli, zabibu kavu kwa Wadominiko, na jozi kwa Waagostino. Karibu nayo huwekwa nuga nyeusi. Mama wa nyumba huchemsha asali juu ya moto mdogo, akiikoroga bila kuchoka mpaka iwe na rangi ya kahawia. Halafu hutia lozi zilizokaangwa, zenye uzito karibu sawa na ule wa asali, na kuumimina mchanganyiko kati ya karatasi mbili nyembamba za mkate usiotiwa chachu, zinazofanana na hostia. Ukipoa, hukatwa vipande na kugawanywa kwa wote. Asali, lozi, moto na uvumilivu: hakuna kingine.

Sasa tuulize: kwa nini asali? Kwa sababu, hadi mwisho wa Zama za Kati, sukari ilikuwa kitu adimu katika Ulaya. Iliuzwa kwa bei kubwa na wauza dawa, nayo ilipimwa kidogo kidogo. Mtu wa kawaida aliyetaka utamu alimwendea nyuki, kama walivyofanya watu wa Biblia, tangu Samsoni hadi Yohane Mbatizaji. Nyuki alitoa pia nta ya mishumaa ya altare, na hata leo, usiku wa Pasaka, Kanisa huwataja nyuki katika Mbiu ya Pasaka.

Kisha sukari ikawa nyingi, na hapa ndipo habari hii inapofika kwetu. Katika karne ya 16, Wareno walifanya kisiwa cha São Tomé kuwa kisiwa cha mashamba ya miwa. Miwa hudai mikono mingi: kukata, kubeba, kukamua, kuchemsha usiku na mchana. Mikono hiyo ilikuwa ya watumwa, na wengi wao walitolewa Kongo. Mwaka 1526, mfalme Afonso wa Kwanza, Mvemba a Nzinga, Mkristo aliyeitawala Kongo, alimwandikia mfalme João wa Tatu wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara waliwakamata raia wake, hata wana wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe. Ukweli unatudai tuongeze kwamba ufalme wake pia ulikuwa ukiuza mateka wa vita. Biashara ilikwisha kuwa na nguvu kuliko barua.

Kutoka São Tomé kazi hiyo ilivuka bahari mpaka Brazil na visiwa vya Karibi. Katika karne ya 18, koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, linaloitwa leo Haiti, lilitoa sukari nyingi kupita makoloni mengine yote ya Karibi. Wengi miongoni mwa watumwa wake walizaliwa katika nchi za Kongo; nao wakaasi mwaka 1791. Sehemu ya sukari yao ilishushwa Marseille, bandari kubwa ya Provence, ikasafishwa viwandani humo. Hivyo mkate wa sukari uliokaa karibu na chungu cha asali katika nyumba ya Provence ulikuwa umelowa jasho la ndugu zetu.

Tusijifiche nyuma ya Kanisa pia. Kulikuwa na watawa waliomiliki mashamba na watumwa katika Amerika. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, alipozuru kisiwa cha Gorée nchini Senegal mwaka 1992, aliomba msamaha kwa ajili ya dhambi hiyo ya watu waliobatizwa.

Lakini kulikuwa na mfano mwingine. Karibu na kijiji cha Gordes ipo abasia ya Sénanque, iliyoanzishwa mwaka 1148 na Wasistersiani. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, wanayoifuata, inawafundisha wamonaki kuishi kwa kazi ya mikono yao. Leo wamonaki wa Sénanque wanalima lavenda na kuuza asali. Ndugu zao wa familia hiyo hiyo ya kitawa walifika Kivu yetu: huko Mokoto katika Masisi tangu mwaka 1954.

Vijana wapendwa, sukari yenyewe haina dhambi, na asali yenyewe haina utakatifu. Dhambi iliingia pale mlaji alipoacha kuuliza. Utamu wa meza yake ulimfikia ukiwa mweupe na safi, bila jina la mtu yeyote juu yake, naye akaridhika. Vitu vingi vinatufikia hivyo hata leo.

Tunapendekeza basi zoezi moja kwa kila kundi la parokia. Hatuna lavenda milimani kwetu, lakini nyuki wetu wanayo maua ya kahawa na ya mikaratusi, na badala ya lozi tunazo karanga. Nunueni asali kwa mfugaji wa nyuki wa jirani. Muulizeni anaivunaje, kama moto wake unawaua nyuki au unawaacha hai, na kama bei anayopewa inamtosha kusomesha watoto wake. Mlipeni kwa haki. Kisha chemsheni asali hiyo polepole, tieni karanga zilizokaangwa, mgawane baada ya Misa pamoja na watoto na wazee, na mwelezeeni kila anayekula jina la yule aliyeivuna.