Penpoint: Jarida la Wanafunzi wa Makerere

Penpoint lilianza mwaka 1958 katika idara ya Kiingereza ya Chuo cha Makerere, Kampala. Wanafunzi walitoka Uganda, Kenya na Tanganyika, wakifanya mitihani ya digrii ya Chuo Kikuu cha London. Mchana kutwa walikuwa wakiwachambua Waingereza waliokwisha kufa zamani. Atakaye kuandika habari za kwao hakuwa na pa kuzipeleka, mpaka jarida hili lilipotokea.

Kisa chake kinachojulikana zaidi ni cha mwaka 1960. James Ngugi, kijana wa Limuru ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, alikutana na Jonathan Kariara, mmoja wa walioliendesha jarida, akamsimamisha. Akamwambia ana hadithi, je, angependa kuitazama? Hadithi yenyewe haikuwapo, hata mstari mmoja. Kariara akakubali, na Ngugi, kwa kuona haya, ikambidi akakae chini aitunge. Ndipo ikatoka "The Fig Tree", ambayo siku hizi huitwa "Mugumo": mke anaukimbia ukali wa mumewe usiku, anaishia chini ya mti mtakatifu wa Wagikuyu. Jarida la wanafunzi, kwa maoni yangu, halina kazi kubwa kuliko hiyo ya kumweka mtu katika hali ya kudaiwa mswada.

Waandishi John Nagenda na Peter Nazareth nao walipitia mlango huohuo.

Juni 1962 Makerere ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Chinua Achebe alikuwapo, na Wole Soyinka pia. Ngugi, angali mwanafunzi, alialikwa kwa nguvu ya hadithi mbili tu zilizochapishwa: ile ya Penpoint na nyingine iliyotoka katika jarida la Transition. Shaaban Robert, mwenye rafu nzima ya vitabu vya mashairi na nathari, hakuwa na sifa ya kualikwa, maana aliandika Kiswahili. Alifariki mwezi huohuo. Miaka mingi baadaye Ngũgĩ mwenyewe ndiye aliyelisema jambo hili la kutoalikwa kwa Shaaban kwa uchungu kuliko wengi. Nami sioni jinsi ya kuliadhimisha Penpoint bila kulitaja.

Mwaka 1965 David Cook, mwalimu wa idara hiyo, alikusanya maandishi ya Makerere katika kitabu Origin East Africa kilichotolewa na Heinemann, na kazi za wanafunzi zikavuka mipaka ya chuo. Kariara alikwenda Nairobi kufanya kazi ya uchapishaji, akahariri jarida la Zuka. Penpoint nalo likaja kubadilishwa jina, likawa Dhana, kama vile Nexus la Nairobi lilivyogeuka Busara na Darlite la Dar es Salaam likawa Umma. Majalada yalihamia Kiswahili. Kurasa nyingi za ndani zikabaki na Kiingereza chake.