Redio ya Upepo Ndani ya Gari: Mambo ya Kuzingatia kwa Watumiaji wa Barabara za Kilwa na Pwani ya Lindi

Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam, kuvuka Mto Rufiji katika Daraja la Mkapa na kupita Somanga, Nangurukuru na Mchinga hadi Lindi mjini ni mhimili wa usafiri wa mikoa ya kusini mashariki. Inapokatika, abiria, wagonjwa, samaki, ufuta na korosho hukwama kwa pamoja. Mapema mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo katika maeneo kadhaa ya Wilaya ya Kilwa, yakiwamo ya Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili hadi Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) uliporejesha njia.

Katika saa kama hizo, simu ya mkononi ndiyo chombo cha kwanza cha mawasiliano. Hata hivyo, simu hutegemea mnara ulio karibu, umeme wa kuuendesha mnara huo na nafasi katika mtandao unaotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Redio ya mawasiliano ya njia mbili, ambayo wengi huiita redio ya upepo au simu ya upepo, haihitaji mnara: chombo kimoja huzungumza na kingine moja kwa moja. Faida hiyo hupatikana pale tu mambo matatu yanapotimia: kuwapo kwa kibali cha kutumia masafa, ufungaji uliofanywa kwa usahihi, na mtu aliye tayari kusikiliza upande wa pili.

Aina za redio na umbali wake

Redio zinazofungwa kwenye magari ni za aina kuu tatu. Ya kwanza ni redio ya raia ya masafa ya megahezi 27, iliyoenea zaidi miongoni mwa madereva wa malori nchini Marekani, ambako huduma hiyo ilianza kutolewa katika masafa hayo mwaka 1958 na sasa ina chaneli 40. Nguvu yake kwa sauti ya kawaida haizidi wati 4. Ya pili ni redio ya masafa ya juu sana, kwa kawaida kuanzia takribani megahezi 136 hadi 174, inayotumiwa sana na kampuni, taasisi na vikosi vya ulinzi. Ya tatu ni redio ya masafa marefu, kati ya megahezi 3 na 30, ambayo hutumiwa na misafara ya maeneo ya mbali kama hifadhi za wanyamapori.

Aina mbili za kwanza hufika umbali wa kilomita chache kutoka gari hadi gari, na huweza kufika kilomita 10 au zaidi kidogo katika eneo la wazi. Vilima vya Matumbi, uwanda wa juu wa Rondo na misitu minene hupunguza umbali huo. Kwa hiyo gari lililoko Somanga halipaswi kutarajia kulisikia gari lililoko Nangurukuru bila kuwapo kituo cha kurudishia mawimbi kilichojengwa mahali palipoinuka. Redio ya masafa marefu hufika mamia ya kilomita kwa sababu mawimbi yake hurudishwa ardhini na tabaka la juu la anga, lakini ubora wake hubadilika kati ya mchana na usiku, na antena yake ni kubwa zaidi.

Kibali kabla ya ununuzi

Masafa ya redio ni rasilimali ya Taifa inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Sheria inamtaka mtumiaji wa masafa kuwa na leseni, na vifaa vya mawasiliano vinavyoingizwa nchini kuwa vimeidhinishwa. Kitendo cha redio kuuzwa dukani au kuletwa na ndugu kutoka ughaibuni si kibali cha kurusha mawimbi.

Angalizo hili linahusu hasa redio za raia. Taratibu za chombo hicho hutofautiana kati ya nchi na nchi, na ruhusa iliyotolewa Marekani au Ulaya haina nguvu nchini Tanzania. Mwananchi anayekusudia kukifunga anapaswa kuiuliza TCRA kwanza kama chombo na masafa yake yanaruhusiwa, na kwa masharti gani. Aidha, sehemu ya masafa ya megahezi 27 imetengwa kimataifa kwa ajili ya mitambo ya viwanda, sayansi na tiba, hivyo mtumiaji wake hukutana na kelele za mitambo hiyo.

Umeme wa gari

Kosa linaloharibu redio nyingi ni kutotofautisha volti 12 na volti 24. Magari madogo mengi hutumia volti 12. Malori na mabasi makubwa mengi hutumia volti 24, zinazotokana na betri mbili zilizounganishwa kwa mfululizo. Redio nyingi za magari zimetengenezwa kwa volti 12. Kwenye lori ni lazima kifungwe kifaa cha kupunguza volti chenye uwezo wa kubeba mkondo wa redio. Kuchukua umeme kutoka betri moja kati ya hizo mbili si suluhisho: betri hiyo huisha mapema, nayo ya pili huchajiwa kupita kiasi.

Waya chanya na hasi zipelekwe moja kwa moja hadi kwenye betri, au kwenye kifaa cha kupunguza volti, badala ya kuungwa kwenye waya za taa au za kinanda cha muziki. Fyuzi ifungwe karibu kabisa na betri ili waya ukichubuka usisababishe moto. Unene wa waya ulingane na mahitaji ya chombo: redio ya wati 4 hutumia takribani ampia 2 inaporusha sauti, ya wati 25 hutumia takribani ampia 5 hadi 6, na ya masafa marefu yenye wati 100 huweza kufikia ampia 20.

Redio ifungwe mahali ambapo haimzuii dereva kuona, haigusi miguu yake na haipo mbele ya mfuko wa hewa wa usalama.

Antena na upimaji

Urefu wa antena hutokana na masafa. Kanuni rahisi ni kugawanya 75 kwa idadi ya megahezi ili kupata urefu wa robo ya wimbi kwa mita. Kwa megahezi 27 jibu ni takribani mita 2.8, kwa megahezi 150 ni nusu mita. Ndiyo maana antena fupi za redio za raia huwa na koili ndani yake ili kufidia urefu uliopungua, na kwa kadiri zinavyofupishwa ndivyo uwezo wake unavyopungua.

Mahali bora pa kuweka antena ni katikati ya paa la chuma, kwa kuwa bati la gari hufanya kazi ya nusu ya pili ya antena. Kitako chake kigusane na chuma kitupu kisicho na rangi wala kutu. Waya wa antena usibanwe na mlango wala kukunjwa kwa kona kali.

Baada ya ufungaji, fundi anapaswa kutumia kipimo kinachoonesha kiasi cha nguvu kinachorudi kutoka kwenye antena. Kipimo cha 1.5 kwa 1 au chini yake ni kizuri, kwa maana ni asilimia 4 tu ya nguvu inayorudi. Kipimo cha 3 kwa 1 kina maana kuwa robo ya nguvu inarudi kwenye chombo, na redio isitumike hadi kasoro irekebishwe. Ni marufuku kubonyeza kitufe cha kuzungumzia wakati antena haijaunganishwa, kwani chombo huweza kuungua.

Jaribio la mwisho lifanywe injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inaunguruma. Mvumo unaopanda na kushuka kwa kufuata kasi ya injini huashiria kasoro katika waya za umeme, alteneta au plagi.

Utaratibu wa kuzungumza

Mtumiaji husikiliza kwanza kabla ya kuita. Akibonyeza kitufe husubiri sekunde moja, humtaja anayeitwa, kisha hujitaja mwenyewe, hueleza jambo lake kwa ufupi na kukabidhi zamu kwa neno “ova”. Mfano: “Namba Mbili, Namba Mbili, hapa Namba Moja. Maji yanavuka barabara mbele ya Somanga. Simama hapo ulipo. Ova.” Anayejibu hurudia sehemu muhimu ya ujumbe ili kuthibitisha kuwa ameisikia sawasawa.

Mazungumzo ya redio husikika na kila mwenye chombo cha masafa hayo. Si mahali pa kutaja fedha zilizomo garini, taarifa za mgonjwa kwa jina wala maneno ya matusi. Gari linapokuwa katika mwendo, ni vyema utingo au abiria wa mbele azungumze badala ya dereva. Redio isirushe mawimbi wakati gari linajazwa mafuta, karibu na machimbo yanayotumia baruti za kulipuliwa kwa umeme, wala katika maeneo ya mitambo ya gesi yenye alama za katazo.

Wito wa dharura na msikilizaji

Katika dharura, mtumiaji hutamka neno “dharura” mara tatu, kisha hutaja mahali alipo, kilichotokea, idadi ya watu na msaada unaohitajika. Mahali hutajwa kwa jina la kijiji, daraja au nguzo ya kilomita iliyo karibu, na upande ambao gari lilikuwa linaelekea.

Wito huo hauna thamani usipokuwa na msikilizaji. Nchini Marekani chaneli ya 9 ya redio ya raia imetengwa kwa dharura. Kuwapo kwa namba hiyo kwenye chombo hakumaanishi kuwa kuna kituo cha uokoaji kinachoisikiliza Kilwa au Lindi. Kwa sababu hiyo, kampuni ya usafirishaji, kikundi cha wakulima au msafara wowote wenye leseni unapaswa kukubaliana kabla ya safari kuhusu chaneli itakayotumika, nani atabaki akisikiliza, saa za kuitana na hatua za kuchukuliwa iwapo gari halitajibu. Pale mtandao wa simu unapopatikana, msikilizaji huyo ndiye atakayepiga 112 kwa Polisi au 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Wakazi wa Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje na Songo Songo wanapaswa pia kutambua kuwa vyombo vya majini vina masafa yake. Chaneli ya 16 ya baharini, yenye megahezi 156.8, ni ya wito na dharura za vyombo vya majini. Redio ya gari haipaswi kurekebishwa ili kuingia katika masafa hayo kwa mazungumzo ya barabarani.

Utunzaji katika hewa ya pwani

Chumvi iliyomo katika hewa ya bahari hula viungio vya antena haraka. Viungio vya nje vifungwe kwa utepe usiopitisha maji, vikaguliwe kila baada ya miezi michache, na kitako cha antena kisafishwe kutu. Gari litokalo barabara ya vumbi ya Liwale likaguliwe skrubu zake, kwani mtikisiko huzilegeza.

Kwa mujibu wa mgawanyo wa misimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), Lindi ni miongoni mwa mikoa inayopata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ingawa Hidaya ilionesha kuwa hatari huweza kuja hata baada ya hapo. Mji wa Lindi wenyewe ulipigwa na kimbunga mwezi Aprili 1952. Wakati unaofaa wa kukamilisha leseni, kupima antena na kumteua msikilizaji ni kabla ya Novemba, barabara zikiwa kavu na mafundi wakiwa na nafasi. Redio haifungui barabara iliyofungwa na maji, wala haimruhusu dereva kuvuka mahali penye mkondo. Kazi yake ni kumfikishia taarifa mapema dereva aliye nyuma ili asimame mahali salama.