Kwinini ya Jeshi: Wanakemia Vitani, 1914–1918

Luberizi, katika bonde la Ruzizi, hutajwa kwa kambi yake ya askari. Mwanakemia mwenye sare si mtu anayetazamiwa hapo. Hata hivyo, vita vilivyopita bondeni humo mwaka 1916, majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yalipovuka kuelekea Burundi na hatimaye Tabora, vilikuwa pia vita vya wanakemia, upande wa adui.

Meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, na dawa kutoka Ujerumani zikakatika. Ndipo Taasisi ya Amani, iliyoanzishwa Usambara mwaka 1902 kwa utafiti wa mazao, ilipogeuzwa mtumishi wa jeshi: magome ya mti wa sinkona yakatolewa kwinini. Kazi hiyo haikuwa ndogo, kwani maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Magome mengine yalipelekwa Mpwapwa kutengenezewa dawa huko. Mpwapwa nayo ilipoachwa, yalichemshwa tu porini, na maji yake machungu yakaitwa, kwa mzaha, pombe ya Lettow. (Mzaha wa mgonjwa, bila shaka.)

Jemadari von Lettow-Vorbeck ameieleza dawa hiyo katika kumbukumbu zake. Majina ya Waafrika walioyabandua magome na kuyabeba hayamo.