Ubingwa wa fiziotherapia ya mifupa na viungo

Ubingwa huu ni mafunzo ya baada ya stashahada au shahada, ambapo mtaalamu wa fiziotherapia aliyekwisha kusajiliwa huendelea kuhudumia wagonjwa huku akifundishwa na kusimamiwa na waliomtangulia katika fani moja: maumivu ya mgongo na shingo, mabega, nyonga, magoti, na viungo vilivyokakamaa baada ya kuvunjika. Shabaha yake kubwa ni kunoa uamuzi wa kitabibu. Mikono hujifunza haraka. Kujua lini uiweke mikono hiyo, na lini uiondoe umpeleke mgonjwa kwa daktari, ndiko kunakochukua muda.

Huko Marekani, hospitali za Kaiser Permanente za California zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuendesha mafunzo ya namna hii, kuanzia mwaka 1979, na mabingwa wa kwanza wa mifupa na viungo walithibitishwa mwaka 1989. Shirikisho la kimataifa la tiba ya viungo kwa mikono lilikuwa limeundwa tayari mwaka 1974. Mbinu zenyewe zina mababa wengi, akiwemo Geoffrey Maitland wa Australia, aliyepanga mibonyezo ya viungo kwa madaraja, na Robin McKenzie wa New Zealand, aliyemfundisha mgonjwa kujitibu kwa miondoko ya kurudiarudia.

Kenya ilipata mafunzo yake mwanzoni mwa miaka ya 2010, Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya (KMTC) jijini Nairobi kiliposhirikiana na wakfu wa Jackson Clinics wa jimbo la Virginia. Walimu wa kujitolea walikuja kutoka Marekani kufundisha kwa vipindi, na baina ya kipindi na kipindi mwanafunzi alirudi kituoni kwake kuutumia ujuzi aliojifunza kwa wagonjwa wake. Kozi nzima huchukua takriban mwaka mmoja na nusu na kumpatia mhitimu stashahada ya juu. Nia ilikuwa wahitimu wenyewe waje wachukue nafasi ya walimu wageni.

Mpangilio huo wa vipindi ndio unaoifaa pwani. Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, mwajiri wa mtaalamu wa hospitali ya umma Kwale ni kaunti, na kumwachia aende Nairobi mwaka mmoja na nusu mfululizo ni kuacha chumba cha mazoezi bila mtu. Mgonjwa wa Bodo, kijiji cha wavuvi kati ya mikoko, mkabala na kisiwa cha Funzi, hupanda bodaboda hadi barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga, kisha matatu hadi hospitali ya rufaa ya Msambweni. Kumwambia avuke kivuko aende Mombasa kila wiki kwa ajili ya mgongo ni sawa na kumwambia akae nyumbani. Ujuzi lazima umfuate aliko, na kwa kuwa fani hii hutegemea mikono, kitanda na maswali mazuri kuliko mashine, inawezekana.

Chukua mvuvi anayeumwa kiuno, na maumivu yanashuka mguuni hadi chini ya goti. Kabla ya kumgusa, bingwa humwuliza kama amekufa ganzi mapajani kwa ndani, kama haja ndogo inamtoka bila kujizuia, kama anatoka jasho usiku na kupungua uzito. Lolote kati ya majibu mawili ya kwanza likiwa ndiyo, huenda ni dharura ya upasuaji. La tatu likiwa ndiyo, huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kumkanda hapo ni kumdhuru. Kama hakuna dalili hizo, mgonjwa hulala kifudifudi, akajiinua kwa mikono huku kiuno kikibaki chini, akarudia mara kumi. Maumivu yakiondoka mguuni yakabaki kiunoni tu, hiyo ni ishara njema, hata kama kiuno chenyewe kimezidi kuuma kidogo. Mgonjwa huelezwa hilo waziwazi, maana asipoelezwa ataacha zoezi siku ya pili na kurudi kwa mkandaji.

Wakandaji hawa wapo karibu kila kijiji cha Kwale, na watu huwaamini. Mtaalamu anayewadharau hupoteza wagonjwa. Anayewaeleza ni mguu gani usiguswe huokoa wengi.

Kipimo cha kupona nacho hutoka kwa mgonjwa. Kifundo cha mguu kilichovunjika katika ajali ya bodaboda hutoka kwenye plasta kikiwa kigumu, na Mdigo mwenye kuswali atataka kwanza kujua ni lini ataweza kukaa tahiyatu. Mkwezi wa minazi atauliza lini atakanyaga ngazi zilizochongwa kwenye shina. Bingwa hupima pembe ya kifundo, hukisogeza, hupima tena papo hapo, na kama hakuna badiliko hubadili mbinu siku hiyohiyo.

Kisheria, fani nzima inasimamiwa na Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014, iliyounda baraza la kuwasajili na kuwapa leseni.