Arthur Wint: Mkimbiaji Aliyerudi London kuwa Balozi



Juma hili tumependa tumtazame mtu ambaye jiji moja lilimpokea kwa sura nne: kama askari, kama mwanafunzi, kama mkimbiaji, na mwishowe kama balozi. Jiji hilo ni London, na mtu huyo ni Arthur Wint wa Jamaika.

Alizaliwa tarehe 25 Mei 1920 huko Plowden, katika wilaya ya Manchester kisiwani humo, akiwa mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri. (Wilaya za Jamaika huitwa parokia hata leo, ingawa ni za serikali, ni urithi wa utawala wa Waingereza, nasi tunaliona jambo hilo la kufurahisha.) Alikuwa mrefu mno, zaidi ya mita 1.9, tena mtaratibu wa tabia, hata watu wakampa jina la Jitu Pole.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, yeye na ndugu zake wawili walijiunga na Jeshi la Anga la Kifalme. Wint alifundishwa urubani nchini Kanada, akapelekwa Uingereza mwaka 1944. Hapa yatupasa tutue kidogo. Jamaika ilikuwa koloni, na watu wazima wote wa kisiwa hicho walipata haki ya kupiga kura mwaka huohuo wa 1944, wala si mapema zaidi. Yaani kijana huyu alikwisha kuvaa sare za dola hiyo kabla watu wa kwao hawajapewa karatasi ya kura.

Mwaka 1947 aliliacha jeshi, akaingia katika hospitali ya St Bartholomew's kusomea udaktari. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Juni 1948, meli ya Empire Windrush ilishusha Tilbury, karibu na London, mamia ya watu wa visiwa vya Karibi waliokuja kutafuta kazi. Wengi wao walikuwa wamelitumikia jeshi lilelile. Siku hiyohiyo wabunge 11 walimwandikia Waziri Mkuu Clement Attlee wakitaka uhamiaji wa namna hiyo udhibitiwe. Wiki chache baadaye, mwishoni mwa Julai, Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa katika uwanja wa Wembley, na mwanafunzi wetu wa udaktari alikuwamo.

Tarehe 2 Agosti alikimbia mita 800, akawa wa pili nyuma ya Mmarekani Mal Whitfield. Tarehe 5 Agosti ikaja fainali ya mita 400. Aliyetazamiwa kushinda ni Mjamaika mwenzake, Herb McKenley, mwenye rekodi ya dunia. McKenley alianza kwa kasi kubwa, akawaacha wote. Lakini Wint, kwa hatua zake ndefu, alimfikia karibu na utepe, akashinda kwa sekunde 46.2. Hiyo ndiyo medali ya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Jamaika, nchi ambayo haikuwa bado na bendera ya taifa huru.

Lakini sisi tunayaona yaliyotokea siku mbili baadaye kuwa mazito zaidi. Tarehe 7 Agosti, katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne, Wint alishika zamu ya tatu. Akiwa anawafukuza Wamarekani, msuli wa mguu ulimkaza, akaanguka kando ya njia, na kijiti hakikumfikia McKenley aliyekuwa akikingoja. Wenzake watatu walikosa medali kwa mguu wake mmoja.

Walingoja miaka minne. Huko Helsinki mwaka 1952 Whitfield alimshinda tena katika mita 800, safari hii kwa tofauti ya sekunde 0.2. Kisha, tarehe 27 Julai, wakasimama wanne walewale wa Wembley: Wint, Leslie Laing, McKenley na George Rhoden. Wint alianza, Rhoden akamaliza mbele ya Whitfield kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Muda wao, dakika 3 na sekunde 3.9, ukawa rekodi ya dunia. Tungependa kujua usingizi wa Wint ulikuwaje usiku ule.

Alistaafu mbio mwaka 1953, akahitimu udaktari, na mwaka 1955 akarejea nyumbani. Baadaye alikaa katika wilaya ya Hanover, mahali ambapo daktari mkazi alikuwa yeye peke yake. Juu ya miaka hiyo magazeti ya michezo hayana mengi ya kusema. Daktari wa pekee wa wilaya hazalishi rekodi. Anazalisha akina mama usiku wa manane, na anashona majeraha ya wakata miwa. Sisi twadhani hapo ndipo balozi alipofundishwa kazi, kwa kuwa alizoea kumsikiliza mtu hadi mwisho kabla ya kusema neno.

Jamaika ilipata uhuru tarehe 6 Agosti 1962. Mwaka 1974 serikali ya Michael Manley ilimtuma Wint London kuwa mwakilishi wake mkuu, akiiwakilisha nchi yake pia Sweden na Denmark. Nchi za Jumuiya ya Madola humwita mjumbe wa namna hiyo Kamishna Mkuu, bali kazi ni ya balozi. Wajamaika waliohamia tangu siku za Windrush walikuwa sasa na watoto waliozaliwa Uingereza, na manung'uniko juu ya ubaguzi na polisi yalikuwa mengi. Vurugu za Notting Hill za mwaka 1976 zilitokea yeye akiwa kazini. Aliyekalia kiti hicho aliwahi kuvaa sare za nchi ile na kuwatibu wagonjwa wake. Alidumu hapo hadi 1978.

Na Whitfield je? Naye akawa mjumbe wa nchi yake kwa njia ya michezo, akaishi Kenya na Uganda akiwafundisha wakimbiaji wetu wa Afrika Mashariki. Aliaga dunia mwaka 2015.

Wint alirudi kwenye udaktari. Alifariki Linstead, Jamaika, Jumatatu tarehe 19 Oktoba 1992. Nchi nzima ilikuwa mapumzikoni, kwani ilikuwa Sikukuu ya Mashujaa.